Kadi za zamani za besiboli: Ruth, Gehrig, Cobb, Wagner na Robinson kwa dola 600, nianzie wapi?

mgongo_wa_kadi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa watu wanaozijua hizi kadi kwa undani.

Nataka kadi za zamani za magwiji watano wa besiboli ya Marekani: Babe Ruth, Lou Gehrig, Ty Cobb, Honus Wagner na Jackie Robinson. Bajeti ya kuanzia ni dola 600 kwa wote watano. Sharti ni kwamba kadi iwe imechapwa kiwandani mwaka 1976 au kabla ya hapo. Nakala za juzi sizitaki.

La kwanza: je, kwa fedha hiyo kuna kitu cha maana? La pili: kuna T206 (seti ya kadi za pakiti za sigara za miaka ya 1909 hadi 1911) ya Cobb, ile yenye mandhari nyekundu nyuma ya kichwa, inauzwa dola 450. Haina gredi (alama ya ubora inayotolewa na kampuni za ukaguzi) wala kasha (plastiki ngumu iliyofungwa na kampuni hizo). Muuzaji ameweka picha mbili tu. Fremu nyeupe ya kushoto ni nyembamba kuliko ya kulia, na mgongoni kuna gundi kavu na vipande vya karatasi nyeusi. Niichukue? La tatu: nikishazipata nizihifadhi vipi zisiharibike?

---

Seti_Kamili

Mkuu, kabla ya bei, tenganisha kadi zilizochapwa mchezaji akiwa bado uwanjani na kadi za kumuenzi, zilizochapwa baada ya kustaafu au kufariki. Zote mbili zinaweza kuwa za zamani kwelikweli, ila soko linazitofautisha kwa mbali sana.

Ruth wa enzi zake ni Goudey ya 1933 (Goudey, Fleer, Topps, Leaf, Play Ball na Bowman nitakazozitaja ni majina ya kampuni au seti za kadi). Humo ana kadi nne, nambari 53, 144, 149 na 181. Gehrig ana mbili, 92 na 160. Ruth hao, hata awe amekunjika katikati na kona zimekuwa mviringo, ni maelfu ya dola. Cobb wa enzi zake ni T206, kadi za pakiti za sigara za 1909 hadi 1911. Wagner wa T206 mtoe akilini kabisa, maana moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Kwa hiyo kwa dola 600 hao wanne utawapata kwenye kadi za kumuenzi, na hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia, kwa maana zipo zenye umri wa miaka 60 na zaidi ambazo hazijapandishwa bei na wanaonunua ili kuuza.

Chukua Fleer ya 1960, seti ya kadi 79. Topps ilikuwa imewafunga wachezaji karibu wote waliokuwa wakicheza kwa mikataba ya kipekee ya kadi za chingamu. Fleer ikabaki na wazee waliostaafu, pamoja na Ted Williams, ambaye tayari ilikuwa na mkataba naye. Ndiyo sababu ndani ya pakiti moja ya 1960 mtoto aliweza kukuta wachezaji wa vizazi vitatu. Ruth ni nambari 3, Gehrig 28, Cobb 42. Mwaka uliofuata Fleer ikatoa seti kubwa zaidi, kadi 154. Humo Cobb ni 14, Gehrig 31, Ruth 75. Nambari 89 hadi 154 zilitoka baadaye na ni ngumu kuzipata kuliko za mwanzo, lakini watatu wako wote wamo upande rahisi. Gredi za kati za kadi hizi hununuliwa kwa makumi ya dola, si mamia.

Topps nao walikuwa na zao. 1961, nambari 401 ni Ruth akipiga homurani (pigo linalompa mpigaji mzunguko mzima) ya 60, na 405 ni Gehrig akikaa benchi baada ya mechi 2130 mfululizo. 1962, nambari 135 hadi 144 ni kadi kumi zinazosimulia maisha ya Ruth. Hizi za 1962 zina fremu ya rangi ya mbao, kwa hiyo kona ikiguswa kidogo tu, weupe wa kadibodi unatokeza. Usishangae ukiona baadhi yake zina rangi ya kijani iliyofifia juu ya picha. Hazijachakaa. Sehemu ya mfululizo huo ilichapwa na mtambo mwingine, na wakusanyaji wanazihesabu kama aina yake.

Wagner mchukue kwenye Topps ya 1976, nambari 344. Ni ya bei ndogo sana na iko ndani ya sharti lako. Mfululizo huo, 341 hadi 350, ni kikosi bora cha nyakati zote: Gehrig 341, Ruth 345, Cobb 346. Ukitaka Wagner mzee zaidi yupo kwenye Play Ball ya 1940, nambari 168, na Leaf ya 1948, nambari 70, akiwa kocha wa Pittsburgh. Hao wawili watakula bajeti yote.

Robinson ndiye pekee kati ya watano unayeweza kumpata kwenye kadi ya enzi yake bila kuvunja benki. Usiiguse Leaf nambari 79 wala Topps ya 1952 nambari 312. Tafuta Topps ya 1956 nambari 30. Ndiyo Topps yake ya mwisho akiwa bado na timu ya Brooklyn, picha ya uso mkubwa na nyuma yake akiteleza kuingia kituo cha nyumbani (kituo cha mwisho cha kupata pointi). Chukua gredi 1 au 2 yenye uso safi: kona mviringo si tatizo, mkunjo unaopita usoni ni tatizo. Tenga nusu ya bajeti au zaidi kidogo kwa ajili ya hiyo moja, nusu inayobaki inawatosha wale wanne.

---

lenzi10

Mkuu @mgongo_wa_kadi, hiyo Cobb ya dola 450 iache. Cobb mwekundu wa T206 aliye halisi, hata akiwa amekatwa kingo na mgongo umechanika, huenda kwa zaidi ya hapo. Muuzaji anayejua kuandika "T206" anajua pia bei yake. Bei ya chini namna hiyo ni taarifa tosha.

Ila jifunze kuichunguza, maana utakutana na nyingine. Unahitaji vitu vinne: lenzi ya kukuza mara 10, taa ya mezani inayopinda shingo, tochi ya urujuanimno, na vernia kalipa ya plastiki (ya chuma inachubua kingo). Juu ya hivyo, kadi moja halisi ya bei ya chini ya seti hiyohiyo. Hiyo ya mwisho ndiyo mwalimu mkuu. Kadi ya T206 ya mchezaji asiye maarufu, iliyochakaa kabisa, anakufundisha unene, ugumu na rangi ya karatasi kuliko maelezo yangu yote.

Anza na maandishi, usianze na picha. Chini ya Cobb pameandikwa jina na mji kwa wino wa kahawia. Weka lenzi juu ya herufi C. Kwenye kadi halisi herufi ni wino mmoja mzima, kahawia moja, ukingo wake umekatika vizuri. Kwenye nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya, herufi hiyohiyo inasambaratika: utaona vinukta vya waridi, njano, buluu na vyeusi vilivyopangana ili macho yadanganyike kuwa ni kahawia. Sababu ni kwamba kiwanda cha zamani kilikuwa na wino wa kahawia ndani ya mtambo, ila mashine ya leo inaitengeneza kahawia kwa rangi nne. Kipimo hicho kinafaa pia kwa Goudey, Topps na Fleer. Picha ya Topps au Fleer inaweza kuwa na vinukta vilivyopangana kama ua, hiyo ni kawaida. Maandishi na mistari ya fremu ndiyo yasiyopaswa kuwa na vinukta.

Halafu zima taa, washa tochi ya urujuanimno. Karatasi ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1940 haikuwekwa kemikali za kung'arisha, kwa hiyo T206 na Goudey hubaki zimefifia, rangi ya krimu. Ikiwaka buluu-nyeupe kama shati jipya, ni karatasi ya kisasa. Tahadhari mbili: kadi ya miaka ya 1960 inaweza kuwaka kidogo na ikawa halali, na kadi bandia iliyochapwa kwenye karatasi kuukuu haitawaka. Tochi inakataa tu, haithibitishi.

Kuhusu fremu nyembamba upande mmoja. Hiyo peke yake si kosa, viwanda vilikata ovyo. Kinachotafutwa ni kukatwa baadaye. Pima: T206 ni takriban milimita 36.5 kwa 66.7, Goudey ya 1933 ni 60.3 kwa 73, Topps ya 1952 hadi 1956 ni 66.7 kwa 95.3, Topps ya 1957 na kuendelea pamoja na Fleer zote mbili ni 63.5 kwa 88.9. T206 zinatofautiana kidogo tangu kiwandani, basi usihukumu kwa kipimo pekee. Ishike kadi kwa ubavu, angalia kingo zote nne chini ya taa. Ukingo wa miaka 100 una rangi ileile ya uzee kama uso wake na nyuzi zake zimelala. Ukiona kingo tatu zimekuwa kahawia hafifu na wa nne ni mweupe, mkali, umenyooka kama wembe, au umejipinda kidogo karibu na kona pale kisu kilipoanzia, hiyo imekatwa.

Na kasha lenye gredi si msahafu. T206 ya Wagner maarufu kuliko zote iko kwenye kasha la PSA (kampuni ya kupanga gredi, kama SGC) gredi 8, na mwaka 2013 mmiliki wake wa zamani alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Kasha linapunguza hatari, jicho lako lina kazi bado.

Nakala za Topps ya 1952 nazo zinazunguka sana. Topps wenyewe walichapa upya seti hiyo mwaka 1983, kadi 402, kwa saizi ndogo ya 63.5 kwa 88.9, na mgongoni wakaandika kuwa ni toleo la kurudiwa. Wahuni wanakwangua maandishi hayo. Weka mgongo chini ya taa ya pembeni: palipokwanguliwa panang'aa tofauti na pamekuwa pembamba. Lakini kwa nini ufike huko, wakati kalipa ilishasema?

---

mgongo_wa_kadi

Nimewaelewa wakuu, ile Cobb nimeachana nayo. Nina mawili yamebaki. Kadi zenye gundi na karatasi ya albamu mgongoni ziko nyingi na bei yake imeshuka. Je, gundi inaondoka bila kuiharibu kadi? Na kwa hizi za Fleer za makumi ya dola, nitafute zilizo kwenye kasha au za wazi?

---

Karatasi_Kavu

Gundi ya albamu za zamani mara nyingi ni uji wa unga wa ngano, na huo unayeyuka kwa maji. Kwenye kadi za kabla ya vita zisizo na mng'ao, kama T206, inawezekana. Kwa Topps, Bowman na Fleer usijaribu. Kadibodi ya miaka ya 1950 na 1960 inavimba, tabaka zinaachana, na haitarudi.

Ukiwa na T206 ya bei ya chini ya kujifunzia, hivi ndivyo inavyokwenda. Sahani bapa ya kioo, maji yaliyokenekwa ya joto la chumbani, kina cha sentimita mbili. Ilaze kadi uso juu, iache dakika 30. Usiivute karatasi. Ikianza kuelea yenyewe, mwaga maji, weka mengine, dakika 30 tena. Karatasi nyeusi ina ubaya wake: rangi yake hutoka na inaweza kuingia kwenye fremu nyeupe, ndiyo maana maji yanabadilishwa mara tu yanapokuwa kama chai. Gundi ikibaki kama kamasi, isukume kwa pamba iliyolowa, upande mmoja tu, kamwe usisugue kwenda na kurudi. Kadi yenye maji ni laini kama ngozi ya ugali, kucha inatosha kuitoboa.

Kukausha ndiko wengi wanakoharibu. Iweke kati ya karatasi nyonyaji zisizo na asidi, juu yake kioo, juu ya kioo vitabu vya kilo tatu au nne. Badilisha karatasi baada ya dakika 15, kisha baada ya saa moja, kisha kila siku kwa siku nne. Ukiitoa mapema inajikunja kama ganda. Ukiiweka juani au kwenye kikausha nywele, uso unapasuka mistari midogo isiyofutika.

Kadi yenye saini ya kalamu, mhuri au alama ya penseli ya rangi isiguse maji kabisa.

---

Seti_Kamili

Hapo natofautiana kidogo na @Karatasi_Kavu, si kwa hatua zake bali kwa ushauri wa kumpa mtu anayeanza. Gundi ikitoka, mara nyingi inaondoka na ngozi ya mgongo pale wino wa tangazo la sigara ulipo, na mgongo ndio unaotofautisha T206 ya kawaida na ya adimu. Ukiondoa nusu ya herufi za mgongo umeondoa thamani kuliko gundi ilivyoondoa. Kwa kadi yoyote ambayo kuipoteza kutakuuma, iache na gundi yake. Na ukiilowesha kisha ukaiuza, mwambie mnunuzi. Wapo wasiojali, wapo wanaojali sana, nao wana haki ya kujua.

---

Karatasi_Kavu

Nakubali kuhusu mgongo. Nilipaswa kuanza na hilo: kabla ya maji, angalia kama gundi imekaa juu ya wino au juu ya karatasi tupu. Ikiwa juu ya wino wa tangazo, acha.

---

lenzi10

Kasha au wazi kwa Fleer: za wazi, mkuu, kwa sharti kwamba muuzaji anatoa picha kubwa za kona nne na moja iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Mkunjo mwembamba hauonekani kwenye picha ya kunyooka. Kadi ikiinamishwa chini ya taa moja, unatokea kama unywele. Ada ya kupeleka kadi kupewa gredi inaweza kupita thamani ya kadi yenyewe kwa kiwango hiki, na kughushi Fleer ya 1960 ya Cobb hakumlipi mtu vizuri. Robinson wa 1956 ndiye wa kununua kwenye kasha. Akiwa kwenye kasha, chukua nambari iliyo kwenye lebo, iingize kwenye tovuti ya PSA au SGC, linganisha jina, mwaka na gredi, na kama tovuti ina picha linganisha madoa na kona moja moja. Makasha bandia hubeba nambari halisi iliyoibwa kwa kadi nyingine, kwa hiyo kuona nambari ipo hakutoshi.

Soma pia herufi zinazofuata gredi. PSA 5 yenye MK ina alama ya kalamu au penseli, OC ni kadi iliyokatwa picha ikiwa imeegemea upande, ST ni doa. Herufi hizo zinashusha bei sana, na wauzaji wengine huandika tangazo bila kuzitaja. Kwa mkusanyaji hii inaweza kuwa nafuu nzuri: penseli kidogo mgongoni haimuondolei Robinson uso wake.

Bei yenyewe iangalie kwenye mauzo yaliyokwisha kukamilika eBay, si kwenye bei zinazoombwa. Chukua mauzo matano ya karibuni ya gredi ileile, tupa la juu na la chini, tazama yaliyobaki.

---

Sanduku_Baridi

Nimalizie swali la kuhifadhi, maana halijaguswa.

Kila kadi iingie kwanza kwenye kifuko laini, kisha kifuko hicho kiingie kwenye kishikizo kigumu. Kadi isiwekwe kamwe kwenye kishikizo kigumu ikiwa uchi, inachubuka kila inapotoka. Minya kifuko laini kwenye mshono ili mdomo ufunguke, ingiza kadi bila kona kugusa ukingo wa plastiki. Kona nyingi za kadi nzuri hufa hapo, mikononi mwa mwenye kadi.

Saizi ni jambo ambalo wanaoanza hulikosea. Kishikizo cha kawaida kimekatwa kwa kadi ya 63.5 kwa 88.9, kinafaa Fleer na Topps za 1957 na kuendelea. Robinson wako wa 1956, akiwa nje ya kasha, haingii. Ukimlazimisha kona zinajikunja. Tafuta vishikizo vya saizi ya Topps ya 1952. T206 nazo zina vyake vidogo, kwenye kikubwa inateleza huku na huku na kingo zinalika.

Plastiki iwe polipropilini, polithini au polyesta. Kurasa za zamani za PVC, zile laini zenye harufu kali, hutoa mafuta yanayonata na kuvuta wino. Vibao viwili vya plastiki vinavyokazwa kwa skrubu navyo epuka: vinabana kadi hadi inakuwa bapa kuliko ilivyotoka kiwandani, uso unashikamana na plastiki, na wapanga gredi wanaweza kuikataa kama iliyobadilishwa. Mpira wa kufungia pesa usikaribie, unakula kingo na kuacha mistari ya kahawia. Mdomo wa kishikizo ukitaka kuufunga, tumia utepe wa wapaka rangi, ule wa buluu, na ukunje ncha yake ili ufunguke bila kuvutana. Utepe wa kawaida huacha gundi, na mtu anapouvuta kwa nguvu kadi inaruka nje.

Unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 50, joto nyuzi 18 hadi 21, na visibadilike ghafla. Chini ya asilimia 30 kadi inajipinda, juu ya 60 ukungu unaanza. Kifuko kidogo cha silika jeli ndani ya sanduku kinasaidia, ila kibadilishe, kikishajaa hakifanyi kitu. Ukitaka kutundika kadi ukutani, tundika ile ya 1976. Jua linakula wekundu kwanza, na mandhari nyekundu ya Cobb haitarudi ikishafifia.

---

mgongo_wa_kadi

Asanteni sana wakuu. Nimeanza na Topps ya 1956 ya Robinson, gredi 2 yenye MK, uso hauna mkunjo. Nambari ya lebo nimeilinganisha na picha ya tovuti: doa dogo juu ya kona ya kulia lipo palepale. Zinazofuata ni Fleer 3, 28 na 42, kisha Topps 344.